Raymundi Mayunga, Mkalimani Aliyekataa Kutafsiri

Wazee wetu, mapadri, masista, majirani wa Chemchem na wenzetu wa Ng'ambo, jamaa mliotoka Ndala na mliotoka Ipole, na ninyi pia mliofika hapa kuhakikisha kwa macho yenu kwamba kweli mtu huyu amekufa bila kusema, familia inawakaribisha wote, anayeweza kuketi aketi, na tusikilizane. Anayewasomea ni Bernardo, mtoto wa Eustace, Eustace yule yule mnayemjua, na kama mnaona ajabu kwamba mtoto wa Eustace ndiye aliyepewa kusimama hapa leo, vumilieni kidogo, mtaijua sababu kabla jeneza halijashuka. Haya yametoka kinywani mwa mjane, shangazi yake Bernardo, Mama Apolinaria, aliyekaa pale kwenye mkeka, na yeye mwenyewe ameamuru yasomwe yote, hata ya aibu, kwa kuwa amechoka na minong'ono.

Marehemu Raymundi Mayunga alizaliwa tarehe 12 Machi 1903, katika kijiji kilicho jirani na misheni ya Ndala, enzi za Mdachi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mayunga na Mama Pelagia. Baba yake alikuwa mpagazi wa misafara ya kwenda Bagamoyo, akarudi na Kiswahili cha njiani na Kigogo cha kuombea maji, na baada ya misafara kwisha alibaki mtu wa kuitwa kila walipokutana watu wawili wasioelewana, naye huenda na mwanawe, akimkalisha katikati yao. Marehemu alibatizwa Ndala akiwa mchanga, na kwa maelezo ya mama yake alichelewa kusema, hata ukoo ukaanza kuhofu kwamba ni bubu, kumbe anasikiliza tu.

Mwaka 1911 alianza shule ya misheni pale pale Ndala, akasoma mpaka mwaka 1916, Wabelgiji walipoingia Tabora na masomo yakavurugika, akarudi kulima mtama na baba yake mpaka mwaka 1923, alipopata nafasi katika shule ya serikali hapa mjini, akamaliza mwaka 1926 akiwa na Kiingereza kilichonyooka, Kisukuma cha kutosha, na Kiha cha kusalimia na kununulia chumvi. Wenzake wa bweni walisema ni hodari wa kusema maneno ya wengine na mvivu wa kusema ya kwake, na wengine walianza tangu wakati huo kumshuku kwamba ana jambo analificha. Mama Apolinaria anasema sifa hiyo alielezwa kabla ya harusi, akaichukulia kuwa ni upole.

Tarehe 1 Julai 1926 marehemu aliajiriwa na serikali kuwa mkalimani wa mahakama hapa Bomani, akala kiapo ameshika Biblia kwamba atatafsiri kwa haki kila atakalolisikia na hatalificha neno, akapewa nyumba ya kazi na kofia. Aliipenda kazi ile jamani, tusidanganyane. Kila asubuhi alipiga pasi shati mwenyewe kwa kuwa hakuamini mkono wa mtu mwingine, akasimama siku nzima kati ya hakimu Mwingereza na mkulima wa Kinyamwezi, mkulima akilia naye hulia kwa sauti ile ile, hakimu akifoka naye hufoka, kisha jioni anarudi nyumbani ametulia, hana hasira ya huyu wala machozi ya yule.

Tarehe 8 Septemba 1928 alifunga ndoa takatifu na Bi. Apolinaria, katika kanisa la misheni hapa mjini. Bibi harusi alitoka Ipole, katika familia ya warina asali, Wakatoliki wachache katikati ya Wamoraviani wengi, na alikuwa na ndugu mmoja tu wa kunyonya ziwa moja, naye ni Eustace. Mashemeji hawa wawili walipendana kwa utani usiokwisha, Eustace akimwita marehemu kasuku wa serikali, marehemu akimwita Eustace nyuki dume, na kila msimu wa asali Eustace alileta debe moja nyumbani kwa dada yake, akala, akalala, akaondoka na nguo kuukuu za shemeji yake. Mungu aliwajalia marehemu na mkewe watoto watatu, Flavia aliyezaliwa mwaka 1929, Imakulata wa mwaka 1932, na mtoto wa kiume aliyechukuliwa na surua mwaka 1936 kabla hajaanza kutembea.

Mwezi wa Agosti 1937 ndipo lilipozuka neno lililotuletea macho ya watu mpaka leo. Bwana Salmini, Mwarabu wa hapa mjini aliyekuwa akinunua nta na asali kwa watu wa porini, alitoka Ipole na punda wake, akaifuata njia ya zamani ya misafara kuja Tabora, na hakufika. Punda alionekana peke yake kando ya njia, anakula majani, amebeba nta yote, kamba hazijaguswa, na hapo mji mzima ukashika tama, maana ni mwizi gani huyo anayeua mtu akaiacha mali mgongoni mwa punda, basi aliyeua si mwizi, ni mtu mwenye chuki, haya, na mwenye chuki ni nani. Watu wa mwisho kuonekana na Salmini walikuwa wawili, Mzee Mihambo, mrina asali mkongwe, na Eustace, aliyekuwa akirina pamoja naye, na ambaye mwaka huo huo aligombana na Salmini sokoni, mbele ya watu, kwa sababu ya mizani. Tena siku zile zile Eustace alifika kwa dada yake mkono umefungwa kitambaa, akasema shoka lilimteleza akichonga mzinga, Apolinaria akauosha mkono kwa maji ya chumvi na hakuuliza zaidi. Baadaye alijilaumu kwa kutouliza, kisha akajilaumu kwa kutamani kuuliza.

Mwezi wa Oktoba Mzee Mihambo aliletwa hospitali ya serikali na homa ya mapafu, na kwa kuwa alibatizwa uzeeni na alijua siku zake zimekwisha, akaomba padri aungame. Padri aliyepatikana alikuwa Mholanzi mgeni, Kiswahili chake bado cha kitabuni, Kinyamwezi hana hata cha salamu, na homa ilikuwa imemrudisha mzee kwenye lugha ya mama yake, lugha nyingine haitaki kutoka. Sasa, wasiojua wajue, Kanisa linaruhusu katika shida ya namna hiyo mtu wa tatu akae kati na kutafsiri maungamo, lakini mtu huyo anafungwa na siri kama anavyofungwa padri, hatamwambia mkewe, hatamwambia hakimu, hatamwambia askofu, na akitoboa ametenda dhambi kubwa. Padri alimtuma mtu kumwita marehemu kutoka Bomani, akamweleza sharti hilo mlangoni, marehemu akainamisha kichwa, wakaingia. Ilikuwa tarehe 19 Oktoba 1937, mchana kweupe.

Mfagiaji wa hospitali, aliyekuwa nje dirishani, hakusikia kitu, ila aliona, na alichokiona akakitangaza mpaka Ng'ambo na chumvi juu yake, kwamba mzee alilia sana, na kwamba alimshika marehemu kifundo cha mkono akakataa kumwachia. Mzee Mihambo alifariki kabla jua halijazama. Marehemu alirudi nyumbani, akanawa, akala ugali wake wote, akauliza kama kuni zipo, na Mama Apolinaria, ambaye habari zilikwisha mfikia kisimani, alimtazama kuanzia tonge la kwanza mpaka la mwisho asione kitu.

Mwezi uliofuata Eustace alikamatwa Ipole akaletwa mahabusu hapa mjini. Mwili wa Salmini haukuwapo, shahidi hayupo, ila serikali ilikwisha pata habari za dirishani, na tarehe 14 Februari 1938 marehemu aliitwa, safari hii si kusimama pale alipozoea, bali kizimbani. Hakimu alimwuliza kama alikuwapo hospitali, akasema ndiyo, kama alitafsiri, akasema ndiyo, kama Mzee Mihambo alisema lolote juu ya Salmini, akajibu, "Bwana, swali hilo siwezi kulijibu." Hakimu, ambaye alimjua miaka mingi na alimpenda, akalegeza, akamwambia basi asitaje alilosema mzee, aseme tu kama jina la Salmini lilitajwa ama halikutajwa, na marehemu akajibu vile vile, neno kwa neno. Karani aliyewekwa kutafsiri badala yake alimwambia hakimu kwa Kiingereza kwamba shahidi hataki, na marehemu, kwa mazoea ya kazi, akamsahihisha kwamba si hataki, ni hawezi, watu wakacheka, hakimu hakucheka.

Aliambiwa kwamba mtumishi wa serikali ana dini yake nyumbani kwake, lakini ofisini ana kiapo, naye aliapa kutoficha neno. Marehemu akasema kiapo hicho anakikumbuka, alikila ameshika Biblia, na kama leo ataidharau Biblia, basi hajui tena kiapo chenyewe alikishikia nini. Mapadri nao walikwenda Bomani, wakasema Mwingereza alikabidhiwa nchi hii na mataifa baada ya vita kwa ahadi kwamba kila mtu atakuwa huru katika dini yake, wakajibiwa kwamba uhuru huo upo, kengele inalia na kanisa liko wazi, hakuna aliyekatazwa kusali, ila anayekula mshahara wa serikali akiulizwa na sheria atasema, na asiyetaka kusema asingeomba kazi ya kusema. Na mbona padri mwenyewe hakuitwa kizimbani? Aa, padri ana askofu, padri ana magazeti ya kwao Ulaya, mkalimani alikuwa na mke na watoto wawili wa kike.

Marehemu alifungwa miezi mitatu kwa kudharau mahakama, akafukuzwa kazi, nyumba ikachukuliwa na kofia ikachukuliwa, na familia ikahamia Chemchem katika chumba cha kupanga. Eustace aliachiwa mwezi wa Machi kwa kukosa ushahidi. Aliachiwa, ndugu zangu, hakusafishwa, na mnajua wenyewe tofauti yake, maana ni ninyi mliokuwa mkivuka upande wa pili wa njia mkimwona.

Marehemu alipotoka gerezani alifungua kibanda cha kutengeneza baiskeli Ng'ambo, kazi aliyoifanya mpaka nguvu zilipomwishia. Kila upande ulikuwa na shaka yake, Waarabu wakisema Wakristo wanafichiana, Wamoraviani wa Ipole wakisema hii ni hila ya Kiroma, na Wakatoliki wenzake, ambao wengine wapo hapa na wamevaa vizuri, walimsifu mchana na kumchimba jioni, wakimletea pombe na kumjazia kikombe, wakianza kwa mbali, habari za mvua, habari za nyuki, mpaka wafike porini. Marehemu alikunywa pombe yao akawashukuru. Wapo waliosema amelishwa asali ya Eustace ndiyo maana ulimi umenata, na maneno hayo Bernardo aliyasikia shuleni kwa masikio yake, akapigana kwa ajili yake, akapigwa.

Mwezi wa Juni mwaka huo huo wa 1938 alifika nyumbani Chemchem Bi. Tufaha, mke wa Salmini, amejifunika buibui, hana mtu wa kumsindikiza, akakaribishwa mkekani, akakataa maji. Alimwambia marehemu, "Kaka Raymundi, mimi sitaki kujua nani. Nataka kujua nikae eda au nisikae eda, basi." Maana mwanamke wa Kiislamu mumewe akifa anamkalia eda, na asipojua kama amekufa, si mke wala si mjane, hajui avae nini wala asali namna gani. Machozi yalimtoka marehemu mbele ya mkewe kwa mara ya kwanza tangu wamzike mtoto wao, akasema, "Dada, nisamehe." Akamsindikiza mpaka njia kuu, akarudi akageuza baiskeli ya mtu miguu juu akaanza kukaza spoki.

Hapo ndipo moyo wa Mama Apolinaria ulipovunjika na shaka ikaingia isitoke. Alijisemea, kama hakuna alilosikia angemwambia mwanamke yule, jiwe gani lisingemwambia, basi kasikia, na kama kasikia na bado ananyamaza, anamficha mtu, na mtu wa kufichwa ni nani kama si ndugu yangu. Tangu siku hiyo alimchunguza mumewe kwa miaka. Alilitaja jina la Salmini ghafla wakati wa kula ili auone mkono wake, mkono haukutetemeka. Alimwangalia anavyompokea Eustace, akaona anampokea vile vile, utani ule ule wa nyuki dume, kiti kile kile, na hilo ndilo lililomtisha zaidi, maana nani anabaki vile vile kabisa baada ya mambo kama yale ila mtu anayejizuia. Siku moja ya kuamkia Noeli alimtega, akamwambia kwa Kinyamwezi, lugha yao ya chumbani, "Eustace amekuja leo, amenieleza yote mwenyewe." Marehemu akajibu, "Vema, basi umeyasikia kwake," akaendelea kufunga kamba za viatu.

Shangazi na ndugu yake wakaanza kukaa mbali. Hapakuwa na ugomvi, debe la asali liliendelea kuja, ila yeye hakulifungua mbele yake tena, aliligawa kwa majirani, na Eustace aliona, si mjinga. Ipole walimhama, mizinga yake ikachomwa moto na mtu asiyejulikana, mkewe Katarina akarudishwa kwao na kaka zake, na mwaka 1947 Eustace akaenda Urambo kufyeka pori kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza, mahali ambapo hakuna aliyemjua, mpaka akatokea aliyemjua.

Mwezi wa Agosti 1949 aliletwa hapa mjini mgonjwa sana wa ini, akalazwa chumbani kwa dada yake Chemchem, kwa kuwa hakuna pengine. Akaomba padri. Padri alikuja, si yule wa kwanza, mwingine, anazungumza Kiswahili safi kabisa, na Eustace naye alikuwa na Kiswahili cha kutosha kugombana na soko zima, lakini alimwambia padri mbele ya wote kwamba dhambi zake anazijua kwa Kinyamwezi tu, na anataka mkalimani. Padri akauliza nani. Eustace akasema, "Mwiteni shemeji, yuko kibandani."

Mama Apolinaria alipotumwa kumwita alitembea kama mtu anayepelekwa kunyongwa, kwa sababu sasa alikuwa na uhakika, ndugu yake anamtaka mtu anayeijua habari tayari, asimshtue mwingine. Marehemu akanawa grisi mikononi, akaja, akaingia, mlango ukafungwa, na shangazi, anakiri mwenyewe na ametaka lisomwe, aliweka sikio lake mlangoni. Alisikia kunong'ona, sauti ya ndugu yake, sauti ya mumewe, sauti ya padri, kisha akasikia kitu ambacho hakukitegemea, watu wawili wanacheka kidogo, mashemeji, kama zamani. Hakuelewa, akakasirika, akaondoka mlangoni. Eustace alifariki tarehe 3 Septemba 1949, dada yake alimlilia kwa macho makavu, akamzika bila kumwomba msamaha wala kumpa wake, na mwanawe Bernardo, kijana mzima wa miaka kumi na minane, aliyaona hayo akayaweka moyoni.

Sasa sikilizeni. Tarehe 22 Juni 1954 garimoshi la Kigoma lilifika stesheni kama kawaida, na akashuka Salmini, mzima, kanenepa, ndevu zimepakwa hina, na mke kijana kutoka Uvira, upande wa Kongo, mkononi. Hakuuawa na mtu! Alichoka na mji, akamwacha punda njiani ili adhaniwe amekufa, akatembea kwa miguu mpaka reli, akavuka ziwa, na alikaa huko miaka yote hiyo akifuga mbuzi, mpaka uzee ulipomkumbusha nyumba yake. Watu walikwenda kumwona kama wanaokwenda kuona chui aliyekamatwa, na wengi wenu mlikuwapo, mkacheka. Bi. Tufaha, ambaye kadhi alikwisha mwacha huru siku nyingi, alifungua mlango nusu, akamwangalia, akasema, "Mume wangu nilishamkalia eda. Huyu simjui," akafunga. Bi. Tufaha, tumekuona umekuja leo, umekaa na wanawake pale, asante mama.

Mama Apolinaria hakwenda stesheni. Alikwenda kibandani Ng'ambo mbio, kitenge kinamtoka, akamkuta marehemu amezamisha mpira wa baiskeli ndani ya karai la maji anatafuta tundu, akamfokea mbele ya wateja, kumbe hakukuwa na kitu, kumbe mzee hakusema kitu, neno moja tu, hakuna, lingetutoa, nyumba yako, kazi yako, ndugu yangu, ndugu yangu, kwa nini hukusema hakuna! Marehemu aliendelea kuugeuza mpira majini. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo marefu kuliko yote aliyowahi kusema juu ya jambo hili, "Mke wangu, leo nikisema hakuna, kesho akija mwingine nikanyamaza, mtajua kuna. Na huyo wa kesho atamwungamia nani?" Shangazi akamwuliza, haya, basi mzee yule alilia nini, alikushikia nini mkono. Marehemu akamwomba amsogezee gundi.

Shangazi aliketi pale chini, kwenye vumbi na nati, na kitu kikamjia ambacho kilimchelewa miaka yote ile. Katika Tabora nzima mtu mmoja tu alijua tangu siku ya kwanza kwamba Eustace hana damu ya mtu mikononi, naye ni Eustace. Kwa hiyo yeye peke yake, gerezani, porini, Urambo, alijua kwamba shemeji yake hamfichi yeye, kwamba jibu moja lingemsafisha mbele ya wote, na kwamba jibu hilo halitoki. Angeweza kumchukia, na Bernardo anasema wazi, yeye angemchukia, na kwa miaka alimchukia. Lakini siku ya kufa kwake, Kiswahili kikiwa kinywani, padri wake ameketi mbele yake, Eustace hakutaka kufa bila kukikabidhi kinywa cha shemeji yake, kile kile kilichokataa kumsafisha, dhambi zake zote. Shangazi alilia pale kibandani mpaka wateja wakaondoka, akalia matanga ya ndugu yake miaka mitano baada ya kumzika, na wiki ile ile alimtuma mtu kumtafuta Bernardo.

Serikali haikumwita marehemu kumrudishia kazi wala kumwambia pole, na yeye hakwenda kuomba. Kuanzia Novemba 1957 alianza kukohoa, kifua kikamwishia, akatibiwa hospitali kisha akaomba kurudi nyumbani. Tarehe 4 Machi 1958 aliomba padri, na padri aliyekuja ni mtoto wa Ndala, Mnyamwezi mwenzake, hakuhitajika mtu wa kukaa kati. Mlango ulifungwa. Mama Apolinaria alitoka uani, akaenda mpaka kwenye ua wa mabua kule mwisho, akakaa huko amewapa mgongo mpaka alipoitwa. Marehemu alifariki kesho yake asubuhi, tarehe 5 Machi, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu, na aliagiza kwamba historia yake isomwe na mtoto wa Eustace, na aisome anavyotaka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Chemchem waliokesha na sisi, mafundi wenzake wa Ng'ambo waliochonga jeneza na kulibeba, mapadri na masista, na ndugu zetu Waislamu waliochimba kaburi pamoja na vijana wetu bila kuombwa. Tunawashukuru hata mliomjazia vikombe, kwa kuwa mlimpa kampani. Kama bado mnajiuliza Mzee Mihambo alilia nini, na Eustace alicheka nini, jiulizeni tu, hata sisi tunajiuliza, mjane wake anajiuliza, na hatutajua.

Raymundi Mayunga, hakimu amekwenda zake, mkeo ameridhika, mtoto wa Eustace amekusomea. Hakuna tena wa kukuuliza. Lala salama, mzee wetu, pumzika.